KONA YA FUNDI: Ampli imetoka Marekani, usiichomeke kwanza!



Mwezi huu tuongee juu ya lile sanduku zito linaloshuka pale Kanombe, uwanja wa ndege ulio jirani na sisi wa Kabeza. Ndugu zetu waliopata makazi Marekani au Kanada wanachanga pesa, wananunua ampli ya gitaa, wanatuma. Sanduku linafunguliwa, akina mama wanapiga vigelegele, kijana mmoja anakimbia kutafuta adapta ya plagi. Anachomeka. Mlio mmoja, harufu ya kuungua, basi. Mchango wa mwaka mzima umekwisha kabla hata gitaa halijafungwa nyuzi.

Kisa ni nini? Umeme wa Marekani na Kanada ni volti 120. Wa Rwanda ni volti 230, na wa kwetu Kongo ni 220. Ile adapta ya sokoni inabadili umbo la miguu ya plagi tu, umeme unapita vilevile ulivyo. Kwa hiyo ampli inanyweshwa karibu mara mbili ya kiasi chake. Transfoma yake ya ndani inashindwa kuumudu, inavuta mkondo kupita kiasi, na kama fyuzi haikuwahi kukatika, waya zake zinaungua.

Kabla ya yote, geuza ampli usome kibao cha nyuma. Ukikuta 100-240V, shukuru Mungu, hiyo inajirekebisha yenyewe, inataka plagi tu. Ukikuta swichi ndogo yenye 115 na 230, isukume kwenye 230 wakati ampli haijachomekwa, halafu angalia na fyuzi: upande wa 230 mkondo unapungua karibu nusu, na fyuzi nayo hupungua hivyo. Mara nyingi kiasi kinachotakiwa kimeandikwa palepale. Lakini ukikuta 120V 60Hz peke yake, simama hapo. Hiyo inataka transfoma ya kushusha umeme. (Iliyotumwa kutoka Australia au Ulaya haina shida hii, kule ni 230 kama huku. Ya Japani ni 100, hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote.)

Sasa transfoma gani? Hapa ndipo watu wanapoibiwa. Usitazame wati za sauti zilizoandikwa mbele ya ampli, tazama zile za nyuma, za umeme inaokula. Ampli ya wati 60 za sauti inaweza kula 180. Chukua transfoma yenye uwezo wa mara moja na nusu au mara mbili ya hapo, yaani 300 au zaidi. Tena usiamini sana namba ya kwenye boksi, nyingine ni za kupamba tu. Ibebe mkononi: transfoma ya kweli ni chuma na shaba, inavuta mkono. Ukiambiwa ni ya wati 500 nayo ni nyepesi kama redio ya mfukoni, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Vile vidude vyepesi vya wasafiri vimetengenezwa kwa vikausha nywele, umeme wake umekatwakatwa, ampli haiutaki. Ikitoa 110 badala ya 120 usihofu, inatosha.

Ile 60Hz nayo ina neno. Umeme wetu ni 50Hz, na transfoma haiwezi kubadili hilo. Ampli iliyoandikwa 50/60Hz haijali. Ile ya 60 tu itafanya kazi kwa joto zaidi, basi msiifunike kitambaa cha kushona ili ipendeze! Ikishika joto la kushindwa kuwekea mkono, zima.

Tukiwa hapo, jamani, ule mguu wa tatu wa plagi msiukate. Najua ralonji nyingi zina matundu mawili tu, na kisu kiko karibu. Nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya ampli, na ule mguu ndio njia ya umeme uliopotea kuteremka ardhini. Ukiukata, njia inakuwa mwili wa mpigaji, hasa mdomo wake ukigusa maikrofoni iliyotoka kwenye mashine nyingine. Mwaka 1972 mpiga gitaa wa Uskoti, Leslie Harvey, alikufa hivyo jukwaani mjini Swansea, gitaa mkononi, akigusa maikrofoni. Na transfoma nayo iwe na tundu la ardhi, siyo kuandikwa tu.

Mnaotumia jenereta kambini: iwasheni kwanza, itulie, mpime volti, ndipo mchomeke. Na mkizima, ampli itangulie. Sola yenye inveta ya bei rahisi italeta mngurumo na kupasha transfoma moto.

Kama imeshaungua, usifunge fyuzi kwa karatasi ya sigara. Fyuzi ikikatika mapema huenda imeokoa kitu, mpe fundi aipime. Fundi mwenye akili ataiwasha mara ya kwanza kupitia balbu ya zamani ya waya, wati 60 au 100, iliyofungwa kwenye njia ya umeme: balbu ikimulika na kufifia, kuna matumaini, ikibaki inawaka kabisa, ndani kuna shoti. Msiifungue wenyewe, hasa ile ya valvu. Hata ikichomolewa inaweza kubaki na volti mia kadhaa ndani, na watoto wetu mnawajua kwa vidole.

Na ninyi mnaongoja safari ya Marekani, ampli ya huku ya 230 tu ikifika kule itakuwa hoi. Muiachie kwaya.