Kocha Hatupii Kambani

Usiku wa mechi Kibiti mjini haulali mapema. Bodaboda hupangwa bega kwa bega nje ya mabanda umiza, muuza kahawa husogeza birika lake karibu na mlango, na ndani mkulima wa korosho kutoka Bungu hukaa benchi moja na mchuuzi wa kamba aliyepanda kutoka Nyamisati. Yanga au Simba ikimaliza dakika tisini bila bao, hukumu hutoka kabla runinga haijazimwa: kocha aondoke. Wanaobaki kubishana hubishana juu ya jina la mrithi tu.

Imani hiyo imekaa vichwani kwa sababu ni nyepesi kubeba. Timu haifungi, timu ina kocha, basi kocha ndiye tatizo. Akifungashiwa virago yeye mmoja, wachezaji walewale wataamka asubuhi wakiwa wameota miguu mipya. Ni imani tamu, na kumbukumbu za klabu hizohizo mbili zinaikana msimu baada ya msimu.

Mfano wa kwanza uko Jangwani. Agosti 2020 Yanga ilimpa kazi Zlatko Krmpotić wa Serbia. Mwanzoni mwa Oktoba hakuwepo tena. Alikuwa ameiongoza timu katika mechi tano za ligi bila kupoteza hata moja, na ya mwisho ilikuwa ushindi wa 3-0 dhidi ya Coastal Union. Manung'uniko yalikuwa kwamba mpira wake hauvutii. Akaletwa Cédric Kaze wa Burundi, naye Machi 2021 akaonyeshwa mlango. Msimu ulipokwisha, kombe lilikuwa Msimbazi, kwa Simba.

Kilichofuata ndicho ambacho mabanda umiza hayapendi kukikumbuka. Aprili 2021 alikuja Nasreddine Nabi kutoka Tunisia. Miezi yake ya kwanza haikuwa na muujiza wowote: alimaliza ligi nyuma ya Simba, kisha Julai akapoteza mbele ya Simba hiyohiyo, 1-0, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam iliyochezwa Kigoma. Halafu dirisha la usajili likafunguliwa. Fiston Mayele, Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala na Djuma Shabani wakatua Jangwani, na Nabi yuleyule akabeba ubingwa wa 2021/22 bila kufungwa mechi hata moja. Mayele alipachika mabao 16 msimu huo na 17 msimu uliofuata, ambao Yanga ilifika hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Na pale benchi, kama msaidizi wa Nabi, alikuwa ameketi Cédric Kaze, mtu ambaye miezi michache kabla mashabiki walikuwa wameapa kwamba ndiye kizuizi cha mabao.

Kocha mmoja, vikosi viwili, matokeo mawili. Anayetaka kujua bao linatoka wapi aanzie hapo.

Upande wa pili wa mji habari haina tofauti. Simba ilitwaa ligi mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21, na katika miaka hiyo haikukaa na kocha mmoja. Joseph Omog aliondoka katikati ya msimu, Pierre Lechantre akamaliza. Patrick Aussems aliondolewa Novemba 2019, Sven Vandenbroeck akapokea. Sven naye aliondoka Januari 2021, Didier Gomes akaingia. Katika msimu wa 2019/20, uliokatwa vipande viwili na makocha wawili, Meddie Kagere alimaliza mfungaji bora kwa mabao 22. Msimu wa kabla yake, chini ya Aussems peke yake, alikuwa amefunga 23. Kubadilishwa kwa bosi kulimpunguzia bao moja.

Kisha Agosti 2021 Clatous Chama akauzwa RS Berkane ya Morocco na Luis Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. Simba ilikuwa imewauza watu wawili waliokuwa wakiwapikia chakula Kagere na John Bocco, na njaa ilipoingia ikaanza kuwafukuza wapakuaji. Gomes aliondoka Oktoba baada ya kufungwa 3-1 nyumbani na Jwaneng Galaxy ya Botswana. Pablo Franco akaja, akaenda. Zoran Maki hakumaliza hata miezi minne. Juma Mgunda akashikilia kwa muda. Robertinho akaondolewa siku chache baada ya kipigo cha 5-1 mbele ya Yanga, Novemba 2023. Akaletwa Abdelhak Benchikha, bingwa wa Kombe la Shirikisho Afrika akiwa na USM Alger, kocha ambaye wasifu wake hakuna aliyeweza kuutilia shaka. Aprili 2024 naye akaaga, na Mgunda akaitwa tena. Simba ilimaliza msimu huo nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam. Miaka mitatu, makocha sita, na kila mwaka kombe likalala Jangwani.

Mpinzani makini ana jibu, na jibu lake linastahili kusikilizwa. Atautaja msimu wa 2024/25. Yanga ilimwondoa Miguel Gamondi Novemba 2024 baada ya kupoteza mechi mbili mfululizo za ligi, 1-0 kwa Azam na 3-1 kwa Tabora United. Akaja Sead Ramovic, mabao ya ligi yakamwagika, ubingwa ukabaki Jangwani. Si ushahidi huo?

Ungekuwa ushahidi kama hadithi ingeishia hapo. Mechi mbili za kwanza za Ramovic katika makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, dhidi ya Al Hilal ya Sudan na MC Alger, Yanga ilifungwa 2-0 kila moja. Mechi ya mwisho ya kundi, Januari 2025, ilihitaji bao nyumbani dhidi ya MC Alger hao hao. Ikatoka 0-0 na safari ikaishia pale. Februari Ramovic akaondoka mwenyewe kwenda Algeria, akapokea Miloud Hamdi, na mabao ya ligi yakaendelea kumwagika kana kwamba hakuna aliyeondoka. Clement Mzize alimaliza na mabao 14, Prince Dube 13. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja, bingwa yuleyule. Kisichobadilika katika hesabu hiyo ni Mzize, Dube, Pacome Zouzoua, Maxi Nzengeli na Stephane Aziz Ki. Ukibadilisha mpishi mara mbili na pilau ikatoka ileile, sifa ni za mchele.

Wavuvi wa delta ya Rufiji wangepaswa kuwa watu wa mwisho kudanganyika na jambo hili. Kuanzia Mbwera hadi Salale, kila mtoto anajua kwamba bahari ina bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka kwa nguvu, mikondo ya mikoko hujaa uhai. Katikati yake maji hulegea na nyavu hurudi nyepesi. Hakuna tajiri wa chombo mwenye akili anayemfukuza nahodha kwenye maji mafu, akaajiri mwingine siku tatu kabla ya bamvua, kisha akamsifu mgeni kwa kujaza tenga. Lakini jioni hiyohiyo, mvuvi huyohuyo akishaketi mbele ya runinga, hufanya hasa hivyo.

Makocha hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa, na timu iliyo chini kabisa, mara nyingi, haina pa kwenda ila juu. Mtafiti wa Kiholanzi Bas ter Weel aliipima hoja hii kwa ligi ya nchi yake, kuanzia 1986 hadi 2004. Alizilinganisha timu zilizofukuza kocha baada ya msururu wa matokeo mabaya na timu zilizopata msururu kama huo zikambakiza kocha wao. Zote zilipata nafuu, na zilizofukuza hazikupata nafuu zaidi. Yanga ilionja kitu cha namna hiyo Oktoba 2025: Romain Folz aliondolewa baada ya kufungwa 1-0 na Silver Strikers huko Malawi, na wiki moja baadaye, Kwa Mkapa, timu ikashinda 2-0 na kufuzu. Mabanda yakashangilia kuondoka kwa Folz. Ila benchi siku hiyo lilikuwa la kocha wa muda, na mechi yenyewe ilikuwa ya nyumbani. Maji yalikuwa yamegeuka.

Delta ina hata simulizi yake ya zamani kuhusu jambo hili. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, ilijificha katika mikondo ya Rufiji ikiwa na mitambo mibovu. Wajerumani hawakumbadilisha nahodha, Max Looff. Walifungua vipande vya boila, wakavibebesha wapagazi kwa njia ya nchi kavu hadi Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa kwa njia hiyohiyo. Meli haikupona, kwani Waingereza walikuwa wameziba milango yote ya delta na Julai 1915 wakaimaliza karibu na Salale. Hata hivyo hakuna aliyechanganya boila na nahodha.

Hakuna anayesema kocha ni pambo. Kocha anaweza kuziba mashimo haraka: akapanga mabeki, akapunguza nafasi, akaifanya timu iwe ngumu kufungika ndani ya wiki moja. Taifa Stars iliona hivyo katika AFCON ya 2023 kule Ivory Coast. Baada ya kufungwa 3-0 na Morocco na Adel Amrouche kusimamishwa, Hemed Suleiman alipokea timu katikati ya mashindano, ikatoka sare 1-1 na Zambia na 0-0 na DR Congo. Ukuta ulisimama. Mabao, katika mechi tatu na makocha wawili, yalikuwa moja, la Simon Msuva. Miaka minne na nusu kabla, Misri 2019, Stars ya Emmanuel Amunike ilifunga mawili katika mechi tatu; mfungaji mmoja alikuwa Msuva huyohuyo, mwingine Mbwana Samatta. Amunike alifukuzwa. Msuva na Samatta walibaki kutafutiwa warithi.

Wako wapi warithi hao? Kuanzia 2017/18 hadi 2024/25, misimu minane, wachezaji wanane wametwaa au kugawana kiatu cha dhahabu cha Ligi Kuu. Watanzania ni wawili: John Bocco wa Simba na George Mpole wa Geita Gold. Wengine wametoka Uganda, Rwanda, Congo, Burundi, Burkina Faso na Ivory Coast. Klabu yenye fedha inaweza kuagiza Mayele. Timu ya taifa haiwezi. Na Mkoa wa Pwani wenyewe uliwahi kuwa na mfano ndani ya nyumba: msimu wa 2016/17 Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting, timu ya Mlandizi, alifunga mabao 14 sawa na Msuva aliyekuwa Yanga, wakagawana heshima ya mfungaji bora. Ruvu Shooting ilishuka daraja 2023. Mkoa ulipoteza jukwaa lake la Ligi Kuu, na mijadala ya mabanda umiza ya Kibiti ikaendelea kuwa juu ya Mbelgiji au Mserbia gani aje Dar es Salaam.

Wapo makocha waliostahili kuondoka, na mashabiki hawakukosea. Luc Eymael alifukuzwa Yanga Julai 2020 kwa matusi ya kibaguzi dhidi ya mashabiki wa klabu iliyomlipa. Huyo hakuhitaji takwimu za mabao. Lakini ukame wa mabao ni kesi nyingine, na anayefaidika zaidi na hukumu ya haraka ni kiongozi aliyefanya usajili. Straika aliyeletwa kwa mbwembwe uwanja wa ndege akimaliza nusu msimu na mabao mawili, kilio cha "kocha aondoke" humsitiri aliyesaini mkataba wake. Kocha anapanda ndege na fidia yake, kocha mpya anatambulishwa kwa picha na skafu, na faili la usajili linarudi kabatini bila kufunguliwa. Mshabiki anadhani ameshinda.

Wanachama wa matawi wana kura na wana mkutano mkuu. Siku ya mkutano, mjumbe wa Kibiti atapanda basi alfajiri, ashuke Mbagala, mtaa uliomlea Samatta kabla ya African Lyon na Simba, kabla ya mabao 23 aliyoifungia Genk ilipotwaa ubingwa wa Ubelgiji 2018/19. Atakapopewa kipaza sauti, kuna swali ambalo halina jina la kocha ndani yake: namba tisa huyu nani alimpendekeza, alimwona akicheza mechi ngapi, na timu ya vijana ina mfungaji gani anayesubiri nyuma yake?