Kizuri hakijiuzi kwenye shoo, toka nyuma ya meza

Kuna methali tuliyolishwa tangu shule ya msingi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama umelipia banda kwenye maonyesho ya kilimo na biashara hapa Embu, methali hiyo iache nyumbani. Itakukosesha pesa.

Hii picha unaijua. Meza ina kitambaa cheupe, bango lina sura yako na maneno "suluhisho bora". Nyuma ya meza mmeketi watatu, kila mmoja ameinamia simu yake. Watu wanapita, wanatupa jicho, hakuna anayewasalimia, wanaenda zao. Ikifika saa kumi jioni mnalaumu jua, uchumi na serikali.

Hebu piga hesabu kwanza. Kuna ada ya banda, bango, gari la kubeba bidhaa, chakula cha siku tatu nne, na siku hizo zote biashara yako mjini imefungwa. Kwa kijana wa Majimbo au Dallas, hiyo ni pesa ya chama ama mkopo wa simu. Na mkopo wa simu haungoji upate wateja. Ndiyo maana banda tupu si aibu tu, ni deni.

Mambo ya shoo hayakuanza jana. ASK, chama kinachoandaa maonyesho ya kilimo nchini, kilianzishwa 1901, enzi za walowezi. Zaidi ya miaka 120 baadaye, mgeni bado ni yule yule: haji kusoma, anakuja kuona. Fahali mkubwa huvuta umati kwa sababu yuko pale, anapumua, mtoto anaweza kumwogopa. Kipeperushi hakipumui.

Kwa hivyo usianze na rangi ya bango. Anza na swali hili: saa nne asubuhi, ni kitu gani kitakuwa kinatendeka kwenye banda langu?

Unauza kahawa? Usipange paketi kama matofali, ikaange hapo hapo. Harufu itatembea mpaka langoni na hutailipa mshahara. Tena kumbuka uko Embu. Mkulima wa Manyatta au Runyenjes amechuma kahawa tangu utotoni, akaipeleka kiwandani, kisha akarudi nyumbani kunywa chai. Usimfundishe kahawa ni nini. Mpe kikombe cha kahawa ya milima ya kwao. Atauliza umeikaanga vipi na unauza bei gani, halafu atamwita jirani yake.

Unauza makadamia? Ganda lake ni gumu ajabu, na huo ndio mtaji wako. Weka kifaa cha kuvunjia na uandike kwa kalamu nene: "Vunja moja, ule bure." Vijana watapanga foleni kuonyesha nguvu, na wanaowacheka watasimama pia. Maembe yaliyokaushwa au asali kutoka Mbeere? Onjesha. Mama wa matunda sokoni hukata embe moja ili auze ndoo nzima. Hakuenda chuoni kujifunza hilo. Mimi chuo sikukimaliza, lakini hesabu yake naielewa.

Na kama kazi yako haionjeki? Tatua shida moja ndogo ya mgeni akiwa amesimama. Kama wewe ni fundi wa simu, safisha tundu la chaji bure. Kama unachora nembo, mchoree mama mboga jina la kibanda chake kwa dakika tano, aondoke nalo.

Halafu toka nyuma ya meza. Ile meza ni ukuta. Isukume kando, usimame pale watu wanapopita. Usimuulize mtu "nikusaidie?", kwa sababu jibu lake unalijua: "naangalia tu". Muulize kitu anachokijua yeye: "Kwenu mnapanda nini?" Mzee akifika, msalimie vizuri na umpe kiti kabla ya kumwambia bei. Kama unajua Kiembu au Kimbeere, hiyo ndiyo siku ya kukitumia. Sheng iachie rika lako. Na ile spika punguza, maze. Ukivuta watu mia kwa muziki na hakuna anayesikia unachouza, umefungua disko ya bure.

Wanafunzi nao watafurika. Usiwafukuze eti hawanunui. Wape kitu kimoja cha kukumbuka, watakisimulia nyumbani jioni, na huko nyumbani ndiko kuna mwenye pesa. Lakini usipambe banda kwa ajili ya majaji peke yao. Kikombe ni kizuri kwa picha, ila hakilipi kodi.

Sasa, umati si mauzo. Wengi hawatanunua siku hiyo. Andika majina na nambari za wanaouliza maswali ya maana, na karibu na jina uandike walichotaka. Omba ruhusa kwanza, useme utatumia nambari hiyo kwa nini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka hivyo, na pia ni heshima tu. Kisha piga simu ndani ya siku mbili. Ukingoja wiki mbili, ameshakusahau.

Neno moja kwa waandalizi na kaunti. Mkitupanga sisi vijana mwisho wa uwanja, nyuma ya mahema ya benki na kampuni kubwa, halafu mtuambie tujiajiri, hamjatusaidia. Wekeni wabunifu wadogo karibu na lango, walau safu moja. Toeni ramani ya mabanda mapema, ili mtu aandike kwenye WhatsApp: "Tuko banda la tatu, mkono wa kushoto ukiingia." Hilo halihitaji bajeti mpya.

Lakini hata ukipewa banda la langoni, mwenye kulijaza ni wewe. Kabla hujalipia shoo ijayo, fanya jaribio hili. Jumamosi asubuhi toa meza yako nje ya biashara yako pale mjini, ufanye kile ulichopanga kufanya uwanjani, na uhesabu kwa saa moja ni wangapi wamesimama na wangapi wamepita. Wakipita wote, usilipe bado. Badilisha, ujaribu tena Jumamosi inayofuata. Barabara ya mjini haikutozi ada ya banda.