Usihesabu Miito, Soma Sababu

Kuna imani iliyokita mizizi kwa wanunuzi wa magari, huku kwetu na ughaibuni: gari ambalo kiwanda kimeliita lirudi kufanyiwa marekebisho ya usalama ni gari bovu, na ambalo halijawahi kuitwa ni gari zima. Wauzaji wameigeuza kuwa sifa ya biashara. Magazeti nayo huilisha kila yanapoandika kuwa pikapu fulani imeitwa kwa mara ya nane, kana kwamba namba hiyo peke yake imemaliza habari. Imani hii ni potofu, na upotofu wake umeshagharimu maisha ya watu.

Chukua Cybertruck, pikapu ya umeme ya Tesla yenye bodi ya chuma cha pua. Wanunuzi wa kwanza walikabidhiwa zao huko Austin, Texas, tarehe 30 Novemba 2023, na toleo hilo la mwanzo liliuzwa kwa takriban dola 100,000. Ndani ya miaka miwili ilikuwa imeshaitwa kama mara kumi. Wasiompenda Elon Musk, mkuu wa Tesla, walishangilia kila wito ulipotoka. Mashabiki wake walijibu kwamba mingi ilikuwa mambo ya programu tu, yaliyorekebishwa kwa intaneti gari likiwa limeegeshwa nyumbani. Walibishana kwa miezi, huku pande zote mbili zikihesabu na wachache sana wakisoma kilichoandikwa ndani ya miito yenyewe.

Tazama jinsi hesabu hiyo inavyopotosha. Mwanzoni mwa 2024 Tesla iliita magari yapatayo milioni 2.2 ya aina zake mbalimbali, Cybertruck ikiwamo, kwa sababu maandishi ya baadhi ya taa za tahadhari, kama ile ya breki, yalikuwa madogo kuliko kanuni inavyotaka. Programu mpya ikayakuza. Machi 2025 kampuni hiyohiyo iliita Cybertruck 46,096, kwa sababu ubao wa chuma cha pua unaopita kwenye ukingo wa paa ungeweza kubanduka gari likiwa mwendoni na kuwarukia walio nyuma. Kwa mwenye kuhesabu, hiyo ni miito miwili na uzito wake ni sawa. Muulize anayeendesha pikipiki nyuma ya pikapu hiyo kama naye anaona ni sawa.

Sasa weka hesabu kando, usome sababu. Aprili 2024 ziliitwa Cybertruck 3,878. Kifuniko cha pedeli ya mafuta kingeweza kuchomoka, kikateleza kwenda juu na kunasa chini ya pambo la ndani, pedeli ikabaki imekandamizwa hadi mwisho. Chanzo kilikuwa sabuni. Kwenye mstari wa kuunganisha, mtu alianza kutumia sabuni ili kifuniko kiingie kirahisi kwenye pedeli. Mabadiliko hayo hayakuidhinishwa, na mabaki ya sabuni yakakifanya kifuniko kisishike vizuri. Juni 2024 zikaitwa nyingine zaidi ya 11,000, kwa kuwa pambo la kwenye eneo la mizigo halikugandishwa ipasavyo na lingeweza kudondoka barabarani. Machi 2025 ukaja ule ubao wa paa: gundi iliyoushikilia ilikuwa ikikauka na kuvunjika kwa sababu ya hali ya hewa. Oktoba 2025 zikaitwa 6,197 zilizofungwa taa ndefu ya nje juu ya kioo cha mbele, kwa sababu kioo kilipakwa dawa isiyo sahihi kabla ya kubandikwa gundi.

Miito minne, ugonjwa mmoja: vitu vilivyopaswa kushikwa sawasawa vilitegemea kunata. Matibabu yenyewe yanathibitisha hivyo. Pedeli ilipigwa ribiti. Ubao wa paa ulibadilishwa, na mpya ukachomelewa msumari wa nati ili ukazwe kwenye fremu, usitegemee gundi pekee. Taa ya kioo nayo iliongezewa kishikizo cha kukaza. Fundi yeyote wa bodi wa Gerezani, Dar es Salaam, angekwambia mapema kwamba chuma kinachopigwa na upepo wa barabara kuu hakiachiwi gundi peke yake. Hii ndiyo shutuma nzito dhidi ya kiwanda kile, na huipati kwa kusema "imeitwa mara kumi." Siitetei Cybertruck hata kidogo. Ninachosema ni kwamba anayehesabu miito anaipunguzia kampuni lawama, maana anachanganya maandishi madogo na chuma kinachoruka, kisha anampa mtetezi wake nafasi ya kusema vyote ni vidogo.

Ule utetezi wa programu nao haufai. Oktoba 2024 Cybertruck zaidi ya 27,000 ziliitwa kwa sababu picha ya kamera ya nyuma ingeweza kuchelewa sekunde sita hadi nane baada ya dereva kuweka rivasi. Kanuni ya Marekani inataka picha ionekane ndani ya sekunde mbili, na ina historia ya majonzi: ilitokana na sheria ya mwaka 2008 iliyopiganiwa na wazazi ambao watoto wao waligongwa na magari yaliyokuwa yakirudi nyuma, mara nyingi kwenye njia za nyumbani kwao. Sekunde nane zinatosha kabisa kwa pikapu kutoka kwenye maegesho. Dawa iliyokuja kwa intaneti haiufanyi ugonjwa kuwa mafua.

Tuje kwenye malalamiko, maana hapa dharau imezidi. Mwenye gari jipya akilalamika, watu humwambia hajui kuliendesha, au ametumwa na washindani. Lakini fuatilia tarehe za ile pedeli. Mteja wa kwanza aliitaarifu kampuni tarehe 31 Machi 2024. Wa pili alitaarifu tarehe 3 Aprili. Tarehe 12 Aprili kampuni ikaamua kuziita pikapu zote ilizokuwa imetoa. Mmoja wa wenye pikapu hizo alirekodi video akionyesha kwa mkono wake jinsi kifuniko kilivyoteleza na kunasa. Alieleza kuwa alijiokoa kwa kukanyaga breki, ambayo kwenye gari hilo hukata nguvu ya mota hata pedeli ya mafuta ikiwa imelala. Kampuni ilisema haikuwa na habari ya ajali yoyote iliyotokana na kasoro hiyo. Malalamiko ya watu wawili yalitosha kuziita karibu pikapu elfu nne kabla mtu hajazikwa.

Wito nao una faida nyingine ambayo haisemwi. Tesla haikuwa ikitaja kwenye ripoti zake ni Cybertruck ngapi imeuza. Ilizificha kwenye fungu moja na magari yake mengine. Wito wa Machi 2025, uliogusa karibu kila moja iliyotengenezwa tangu Novemba 2023, ndio uliouonyesha umma kwamba zilikuwa zaidi kidogo ya 46,000, baada ya miaka ya majigambo ya oda zaidi ya milioni moja. Wito wa usalama ni hati ya kisheria. Kampuni inalazimika kuandika magari ni mangapi, yalitengenezwa lini, kasoro ni nini, ilijulikana lini na itarekebishwaje, na mwananchi yeyote anaweza kuisoma. Matangazo ya biashara hayajawahi kutupa habari kama hizo.

Sasa tazama upande wa pili, kampuni inapokaa kimya. General Motors (GM) ilitengeneza Chevrolet Cobalt na Saturn Ion zenye swichi ya ufunguo iliyolegea. Goti likiigusa, au funguo zikiwa nzito, swichi ilirudi nyuma yenyewe: injini inazima, usukani unakuwa mzito, na mifuko ya hewa haifunguki katika ajali. Wahandisi wa kampuni waliona dalili mapema miaka ya 2000. Mwaka 2006 swichi ikaboreshwa kimyakimya, lakini namba ya spea ikaachwa ileile, hivyo mtu wa nje asingejua kuwa kuna kitu kimebadilika. Siri ilifichuka pale mhandisi aliyeajiriwa na wakili wa familia ya dereva aliyefariki aliponunua swichi mpya dukani, akaifungua na kuilinganisha na ya kwenye gari la marehemu. Springi na kijiti cha ndani vilikuwa virefu zaidi katika ile mpya. Namba iliyoandikwa nje haikuwa na tofauti yoyote.

Wito wa swichi hiyo ulitoka Februari 2014, na ukapanuliwa hadi magari milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124. Kwa miaka yote ile swichi haikuwa na wito hata mmoja. Mnunuzi aliyeamini kuwa kimya ni uzima alikabidhiwa ufunguo wa gari hilo akiwa na amani moyoni. Mficha maradhi, kifo humuumbua; msiba ni kwamba katika biashara ya magari anayekufa si yule aliyeficha.

Kilichofuata ndicho kinachoivunja kabisa hoja ya kuhesabu. Mwaka huohuo wa 2014, GM iliita takriban magari milioni 30 duniani, kwa kasoro za kila namna. Kwa kipimo cha wahesabuji, huo ulikuwa mwaka wake mbaya kuliko yote. Ukweli ni kwamba ulikuwa mwaka ambao kampuni ilianza kuyafungua makabati yake. Miaka mibaya ilikuwa ile ya nyuma, iliyoonekana safi kwenye orodha.

Haya yanatuhusu sisi kwa karibu kuliko Cybertruck yenyewe, ambayo wengi wetu hatutaigusa. Sisi tunanunua magari ya mitumba kutoka Japani, na humo ndimo ilimopita kasoro kubwa kuliko zote katika historia ya magari: mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata. Kemikali iliyotumika kuipulizia, amonia naitreti, huharibika polepole kwa joto na unyevunyevu. Ikishaharibika, mfuko ukifunguka hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, kopo la chuma hupasuka na vipande humrukia dereva usoni na shingoni. Marekani peke yake iliita mifuko kama milioni 67. Pikapu hazikusalimika. Watu wawili walikufa katika Ford Ranger za mwaka 2006, na Januari 2018 Ford ikawaambia wenye baadhi ya Ranger hizo waache kabisa kuziendesha. Toyota nayo iliziita Hilux katika nchi kadhaa, Australia ikiwamo.

Marekani ilipopanga zamu ya marekebisho, ilitanguliza majimbo ya joto na unyevu, kama Florida na pwani ya Ghuba ya Meksiko, kwa sababu huko ndiko hatari hukua haraka. Sasa fikiria hali ya hewa ya Tanga, Mombasa, Unguja na Mtwara. Kisha fikiria umri wa magari yetu, maana miaka nayo huongeza hatari hiyo. Barua ya kiwanda hutumwa kwa mtu ambaye gari limesajiliwa kwa jina lake Japani. Gari likishafutwa huko na kupakiwa melini, barua hizo hazivuki bahari. Kwa hiyo gari lililoko kwenye yadi ya Dar es Salaam linaweza kuwa liliitwa mara tatu bila kupelekwa hata mara moja, na muuzaji akakuapia kwa nia njema kabisa kwamba halina tatizo lolote. Hajasikia, na wewe hujasikia. Kile kimya mnachokiita uzima ni barua zilizobaki Japani.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu: gari lenye miito mingi linamsumbua mwenyewe, linampotezea siku za kazi, na linashuka bei. Ni kweli, na aliyelipa dola 100,000 kisha akabandukiwa na ubao wa paa ana haki ya kukasirika. Hasira hiyo ielekezwe kwa kazi mbovu ya kiwandani. Ikielekezwa kwa wito wenyewe, tunazifundisha kampuni kwamba kusema ukweli kunaharibu soko na kuficha kunalipa. Mnunuzi anayelikimbia gari lililoitwa likatengenezwa, akakimbilia ambalo halijaitwa, anaizawadia kampuni iliyonyamaza.

Basi tubadilishe maswali. Unaponunua, omba namba ya chesisi kabla ya kukubaliana bei. Watengenezaji wakubwa wa Japani wana sehemu kwenye tovuti zao ya kuingiza namba hiyo. Majibu huja kwa Kijapani, lakini simu yako inaweza kuyatafsiri. Ukikuta gari liliitwa, uliza sababu, kisha uliza kama lilitengenezwa. Gari lililoitwa kwa mfuko wa hewa na kubadilishiwa ni salama kuliko pacha wake ambaye hakuna anayejua habari zake. Ukiona kasoro kwenye gari lako jipya, iandike, ipige picha, ipeleke kwa wakala na uitunze nakala yenye tarehe.

Na mamlaka zetu za usajili zina kazi iliyo wazi. Namba ya chesisi huingizwa kwenye mfumo kila gari linapopewa namba za usajili. Ilinganishwe hapohapo na orodha za miito za watengenezaji, na gari lenye mfuko wa hewa ulioitwa ambao haujabadilishwa lisipewe namba hadi litengenezwe, kwa gharama ya aliyeliingiza nchini. Waagizaji watalalamika kwamba biashara itachelewa. Itachelewa, na ni haki ichelewe.