Springi za nyuma hazifungwi usiku wa kuamkia mbio

JUMAPILI ile hakukuwa na mechi. Ligi ilikuwa imesimama kupisha kalenda ya FIFA, na mhariri wangu ni mtu asiyependa kumuona mwandishi amekaa mezani anakunywa chai. Akaniangalia, akasema: "Dogo, kuna mbio za magari. Nenda, urudi na stori."

Nikaenda. Mimi ni mtu wa soka. Kule chuoni nilikosomea stashahada ya uandishi hakukuwa na somo la springi wala shokapu. Nilichojua ni kwamba gari lina matairi manne na usukani, mengine wanayajua wenyewe.

Stori niliyoiona haikuwa ya mshindi. Ilikuwa ya Subaru Impreza moja ya bluu iliyoishia hatua ya pili. Ilikuja kwa kasi kwenye barabara ya vumbi, ikaruka tuta, ikatua, halafu upande wa nyuma kulia ukalala kama mtu aliyeteguka nyonga. Ikayumba kushoto, ikayumba kulia, ikajikwaa kwenye mtaro na kusimama. Dereva na msoma ramani wake walitoka wazima. Mita chache mbele, juu ya kichuguu, walikuwa wamesimama watoto wa shule na simu za kaka zao wakipiga picha. Sitaki kufikiria kama ule mtaro usingekuwepo.

"Bahati mbaya," alisema shabiki mmoja jirani yangu. Wengine wakaitikia hivyo hivyo. Bahati mbaya, mchezo ndivyo ulivyo, mwakani tena.

Jioni gari likavutwa hadi eneo la mafundi. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa timu nyingine kabisa, ameshaanza kulichungulia.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye wa gazeti? Haya, chuchumaa hapa. Nyie mnaandika matokeo tu, leo uone sababu."

Nikachuchumaa. Alichonionyesha ndicho kilichonifanya niandike haya leo badala ya kuandika habari za usajili.

Gari lile lilifungwa koilova. Kwa msomaji ambaye ni kama mimi wa siku ile, koilova ni shokapu na springi zilizokaa pamoja kwenye mguu mmoja. Mwili wa shokapu una nyuzi kwa nje, kama bolti kubwa. Kwenye nyuzi hizo kuna kikombe kinachokalia springi. Ukikizungusha kinapanda au kinashuka, na chini yake kuna pete ya kukifungia kisihame. Ni kifaa kizuri. Kinakupa nafasi ya kupanga gari likae vipi na liwe gumu kiasi gani.

Dereva wetu alinunua koilova zilizotumika, zilizotengenezwa kwa ajili ya lami. Zilifika Ijumaa. Zikafungwa Jumamosi usiku kwa mwanga wa tochi za simu, kwa sababu Jumapili asubuhi ni mbio. Na kwa kuwa gari lililokaa chini linapendeza kwenye picha, kikombe cha nyuma kilizungushwa kikashushwa hadi karibu na mwisho wa nyuzi.

Hapo ndipo kosa lilipo, na mzee alinieleza taratibu. Gari likiwa limesimama, uzito wake unaikandamiza springi, kila kitu kinaonekana kiko sawa. Lakini gari likiruka tuta, gurudumu linaning'inia na shokapu inanyooka hadi mwisho wake. Kama kikombe kimeshushwa mno, springi inakuwa fupi kuliko nafasi iliyopo. Inabaki inacheza, haijashikwa juu wala chini. Gari linapotua na uzito wake wote, springi ile iliyolegea inaweza kukaa upande. Ikikaa upande, gurudumu lile halina kinachoubeba mzigo inavyotakiwa. Dereva anageuza usukani mbele, nyuma inafanya mambo yake.

Na la pili: pete ya kufungia kikombe upande wa kulia haikuwa imekazwa. Ilikuwa inazunguka kwa vidole. Nilijaribu mwenyewe, nikaizungusha kwa vidole viwili.

Sasa hiyo ni bahati mbaya? Beki akisahau kufunga kamba za viatu, akateleza ndani ya kumi na nane, sisi waandishi hatusemi bahati mbaya. Tunamchambua wiki nzima.

Najua wapo watakaosema hata wakubwa yanawakuta. Ni kweli. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, pale Naivasha, Thierry Neuville wa Hyundai aliingia siku ya mwisho akiongoza kwa karibu dakika nzima. Asubuhi ya Jumapili, kwenye hatua ya kwanza kabisa ya siku hiyo, shokapu ya nyuma kulia ikamsaliti. Mbio zikaishia hapo, na ushindi akauchukua Sébastien Ogier wa Toyota. Neuville si dereva wa kubahatisha, mwaka 2024 alikuja kuwa bingwa wa dunia.

Lakini mfano huo haututetei, unatushitaki. Kama timu ya kiwanda yenye wahandisi na kila kipimo inaweza kupoteza Safari kwa mguu mmoja wa nyuma, sisi tunaofunga kwa tochi ya simu tunategemea nini?

Nilimuuliza mzee kazi yenyewe inatakiwa iweje. Alicheka. "Haina uchawi," akasema, "ina subira."

Unaanza kwa kuliweka gari kwenye stendi imara, nyuma yote miwili iwe juu kwa pamoja. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulishikilia gari mtu akiwa chini yake. Kwenye Impreza hizi za miaka ya 2000 mwanzoni, mguu wa nyuma unashikwa chini na bolti mbili kubwa, na juu na nati tatu. Hizo za juu, kwenye sedani, zimejificha nyuma ya kiti cha abiria. Kiti lazima kitoke. Fundi mwenye haraka anapitisha mkono kwa kubahatisha, na nati anayoibahatisha ndiyo inayolegea barabarani. Mpira wa breki na waya wa ABS navyo vifunguliwe kwenye vishikizo vyake mapema, visiachwe vikabeba uzito wa habu inayoning'inia.

Kisha soma springi kabla ya kuifunga. Za mbele na za nyuma mara nyingi hazina ugumu mmoja, na namba huwa zimeandikwa ubavuni mwake. Mzee ameshakuta gari lina springi moja ya mbele na moja ya nyuma kwenye mguu wa nyuma, kulia na kushoto. Mwenye gari alikuwa analalamika tairi mbovu.

Halafu linakuja lile lililoiangusha Subaru ya bluu. Shokapu ikiwa imenyooka kabisa, bila uzito wowote, springi lazima iwe imeshikwa juu na chini, isicheze. Pandisha kikombe hadi kiiguse, kisha ongeza milimita chache kama kitabu cha mtengenezaji kinavyosema. Basi. Unataka gari lishuke zaidi? Koilova nyingi nzuri zina mguu wa chini unaozunguka, shusha kwa huo, springi uiache ilivyo. Kama yako haina, weka ile springi ndogo msaidizi inayoishikilia kubwa isilegee. Na kama ni mbio za vumbi, tafuta koilova za vumbi. Za lami zina safari fupi, tuta la kwanza tu zinagonga mwisho.

Urefu nao haupimwi kwa jicho. Lishushe gari kwenye sakafu tambarare, lisukume juu na chini lijipange, halafu pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Kuhesabu nyuzi peke yake hakutoshi. Gari ambalo upande mmoja wa nyuma umepanda kuliko mwingine ni sawa na meza yenye mguu mmoja mrefu: uzito unaegemea ule mguu mrefu na ule wa mbele wa upande wa pili. Ukikata kona ya kushoto gari lina tabia moja, ukikata ya kulia lina tabia nyingine. Dereva anajilaumu hajui kuendesha, kumbe amepewa gari lenye nia mbili.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wa mtaani hawalifanyi, nami sikulijua. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mwisho wakati gari limeshakanyaga chini. Ukizikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira wa bushi unafungwa ukiwa katika mkao huo. Gari likishuka, mpira unabaki umejinyonga muda wote, na baada ya muda mfupi unachanika. Hapo wengi tunakimbilia kusema spea za siku hizi feki.

Ukimaliza, gari liende kupimwa alaimenti, liendeshwe kilomita kadhaa kistaarabu, lirudi, kila bolti na kila pete ikaguliwe upya. Hesabu mwenyewe kama hayo yote yanaingia katika usiku mmoja wa Jumamosi.

Nawasikia madereva wetu. Watasema huu mchezo tunaulipia wenyewe, wadhamini hakuna, mwandishi wa soka anatufundisha kazi. Hoja ya pesa naikubali nusu. Koilova ni ghali, lakini pesa hiyo walishaitoa. Kilichokosekana hapa ni siku mbili za fundi na spana sahihi. Ni kama klabu inayosajili mshambuliaji kwa mamilioni halafu inamshusha uwanjani siku hiyo hiyo aliyotua uwanja wa ndege, hajui hata jina la kocha. Akikosa penalti tunasema ni garasa.

Hoja yangu kubwa iko kwa waandaaji. Ukaguzi kabla ya mbio upo, niliuona kwa macho yangu. Kofia zinaangaliwa, mikanda inaangaliwa, vyuma vya ndani vya kuwalinda madereva vinaangaliwa. Ni sawa kabisa. Lakini hivyo vyote vinamlinda mtu baada ya ajali kutokea. Ongezeni kimoja cha kuizuia: inueni nyuma ya gari, magurudumu yaning'inie, mtu ashike springi kwa mkono na aitikise. Ikicheza, gari halitoki. Aishike na pete ya kikombe. Ikizunguka kwa vidole, halitoki. Dakika tano kwa gari moja. Waliokuja mbio na gari lililofungwa usiku watakasirika mara moja, mara ya pili watalifunga Alhamisi.

Na hili si la kwenye mbio peke yake. Pita mjini Dar jioni yoyote uzione Subaru zilizoshushwa, nyingine springi zake zimekatwa kwa grinda kwa sababu koilova ni bei. Springi iliyokatwa ni fupi, haikai vizuri kwenye kitako chake, na gari likipita shimo inaweza kulegea kama ile ya bluu. Tofauti ni kwamba dereva wa mbio amevaa kofia na mkanda wa maana. Huyu wa mjini amebeba rafiki zake watatu, mmoja pengine ni mdogo wako.

Nilirudi ofisini na stori yangu. Mhariri akauliza nani alishinda. Nikamtajia. Akauliza kingine ni kipi. Nikamwambia kuna pete ya chuma niliizungusha kwa vidole viwili, na kwamba watoto waliokuwa kwenye kile kichuguu walirudi nyumbani wakijua wameona burudani. Akanyamaza kidogo, akasema andika.

Mzee fundi aliniambia yule kijana wa Subaru amerudi kwake gereji, safari hii mapema. Mbio zijazo ziko mbali bado. Kiti cha nyuma tayari kimetolewa.