Mshenga Hapangi Mahari: Kwa Nini Skrini Yako Inahitaji Mtu wa Kati

Wengi wetu neno "mshenga" tulilisikia kwenye stori za harusi za nyumbani. Ni yule mzee anayetumwa na upande wa kijana kupeleka barua ya posa, akakaa, akasikiliza, akarudi na jibu. Ukikulia Joburg unawajua pia abakhongi wa lobola, na kazi yao ni ileile. Familia mbili zinaelewana bila kurushiana maneno, kwa sababu kuna mtu wa kati anayejua namna ya kusema na kila upande. Mimi natengeneza programu za simu, na hoja yangu leo ni hii: skrini zetu nazo zinahitaji mshenga, na sisi wenye Kiswahili tunaumia zaidi anapokosekana.

Kwa wasio wa fani, nieleze kidogo. Mwaka 1979, Mnorwe Trygve Reenskaug, akiwa Xerox PARC kule California, alipendekeza programu igawanywe: data na kanuni zake zikae upande mmoja, kinachoonekana na mtumiaji kikae upande mwingine. Mwaka 1994 kitabu Design Patterns cha Erich Gamma na wenzake watatu kikaeleza kitu walichokiita Mediator. Badala ya kila kitufe na kila kisanduku kujuana na vingine vyote, vyote vinamjua mtu mmoja wa kati. Baadaye viunzi vya programu vya enzi za Flash, kama PureMVC na Robotlegs, vikalifanya jambo hilo kuwa utaratibu wa kila siku. Kwenye Robotlegs unaandika kwenye ramani: skrini hii, mediata wake ni huyu. Skrini ikitokea, kiunzi kinamleta mediata. Skrini ikiondolewa, naye anaondoka. Skrini haijui seva iko wapi, na seva haijui kitufe kina rangi gani.

Flash iliacha kuhudumiwa tarehe 31 Desemba 2020, na vijana wengi kazini wanadhani wazo lenyewe lilizikwa nayo. Siku hizi unafungua faili moja ya skrini unakuta kila kitu humo: rangi, maneno, anwani ya seva, hesabu ya ada, hadi kanuni za nani aruhusiwe kufanya nini. Inafanya kazi, sawa. Lakini inafanya kazi kwa lugha moja.

Hebu niwape mfano. Mama yangu alipata ujumbe kwenye programu ya kliniki moja hapa mjini: "Miadi yako ni saa 8." Kiswahili kabisa, tukafurahi. Akaenda saa nane mchana, kama anavyoijua saa nane tangu utotoni. Kumbe miadi ilikuwa ya 08:00, yaani saa 2 asubuhi. Daktari alishamaliza zamu, mama akapangiwa tarehe nyingine wiki sita mbele. Kwa mtu mwenye presha, wiki sita si mchezo.

Watu wakasema ni kosa la mtafsiri. Mimi nasema ni kosa la ujenzi. Kwa ninavyoijua kazi hii, mtafsiri hupewa orodha ya sentensi zenye nafasi tupu: "Miadi yako ni saa ___." Nani anajaza nafasi hiyo, na kwa hesabu ya nani, yeye haoni. Kama saa imeshageuzwa kuwa maandishi huko ndani kwenye seva, hata ungemleta profesa wa Kiswahili kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam asingeweza kuiokoa sentensi ile.

Ingejengwaje? Data ishike 08:00 tu, bila lugha. Mediata aichukue 08:00 na kuikabidhi kwa skrini jinsi ilivyo. Skrini ya Kiingereza iseme inavyosema, na skrini ya Kiswahili iseme "saa 2 asubuhi". Na kurudi vilevile: mama akigusa "saa 3 asubuhi", skrini imkabidhi mediata 09:00, naye aipeleke kwa seva. Skrini inasema, mediata anapeleka, data na kanuni zake zinaamua. Ukishatenganisha hivyo, mediata mmoja anaweza kuhudumia skrini mbili zenye umbo moja, na kuongeza Kiswahili ni kujenga skrini mpya bila kugusa data wala kanuni zake.

Hapo ndipo pesa inapoingia, na hapo ndipo sisi tunapoachwa nje. Kwenye vikao nimesikia mara nyingi: "Kiswahili ni gharama, watumiaji wenyewe wachache." Si kwamba watu wanatuchukia. Kama kila kitu kimeshonwa ndani ya skrini, kweli ni gharama, maana kila lugha mpya ni upasuaji wa programu nzima. Afrika Kusini ina lugha rasmi 12 tangu lugha ya alama ilipoongezwa mwaka 2023, na Kiswahili hakimo. Hakuna sheria itakayotubeba. Mwaka 2018 Idara ya Elimu ya Msingi ilitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa shuleni kama somo la hiari. Mwaka 2019 SADC ilikipokea kuwa lugha yake rasmi ya nne, kwenye mkutano wa Dar es Salaam. Heshima hizo nazipenda sana, lakini hazijafika kwenye kitufe cha "Tuma" cha mtu anayetuma hela Bukavu akiwa Yeoville. Kwenye kitufe tutafika pale tu itakapokuwa rahisi kutuongeza.

Najua mtakachosema, hasa nyie mnaotumia React. "Bro, hayo mafaili yote ya nini?" Nakubali, kama programu yako ni kikokotoo cha skrini moja, usijisumbue. Na nakubali pia kwamba washenga wabaya wapo. Nimeona mediata wa mistari elfu mbili ambaye anakagua salio, anakokotoa ada, anaamua nani akatazwe. Huyo ameshaanza kupanga mahari. Kazi yake ilikuwa kupeleka neno na kurudisha neno. Kanuni zina mahali pake, na akizishika yeye, basi kesho ukibadilisha ada utaitafuta kwenye washenga ishirini.

Na jambo la pili: mshenga akimaliza anaaga. Geuza simu ya Android ilale ubavu, kwa kawaida skrini ya zamani inavunjwa na mpya inajengwa. Mediata wa zamani asipoondolewa bado amekaa kibarazani anasikiliza. Tangazo la "PIN imekubaliwa" likipita, wanalisikia wawili, na kila mmoja anaagiza pesa zitumwe. Mtu anakatwa mara mbili kwa kosa la kugeuza simu. Robotlegs ilishalifikiria hili kwa kumwondoa mediata pamoja na skrini yake. React nayo inakupa nafasi ya kusafisha skrini inapoondoka. Itumieni.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nilishikilie jambo hili. Wengi wetu tulikuwa mediata kabla hatujajua kuandika hata mstari mmoja wa msimbo. Una miaka tisa, umesimama kati ya mama na karani wa Home Affairs, unabeba maneno yasiyo ya umri wako. Ukitumwa kupeleka neno tu, uliweza. Ilipokuwa mbaya ni pale wakubwa walipokuachia na uamuzi: nimwambie mama yote aliyosema daktari, au nipunguze? Hiyo haikuwa kazi ya mtoto. Kila programu inayoongea na wazazi wetu kwa Kiswahili kinachoeleweka inampunguzia mtoto mmoja mzigo huo mchana wa siku hiyo.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoanza kazi, iwe Braamfontein, Sandton au mnafanyia nyumbani, fungueni kesho skrini moja tu ya programu yenu na muulize maswali matatu. Je, skrini hii inajua anwani ya seva? Je, mtu wa kati anaamua jambo ambalo si lake? Je, skrini ikifungwa, anaondoka nayo? Jibu la kwanza au la pili likiwa "ndiyo", au la tatu likiwa "hapana", mna kazi ya wiki nzima, na msimamizi wenu atauliza ya nini. Mwambieni ni ili programu iweze kusema saa 2 asubuhi.