Ngoma ya Watoto Iliyokesha

Wapo waungwana ambao, wakisikia kwamba simu ya mkononi imetumika kufanyia sanaa, hubinua midomo na kusema: ngoma ya watoto haikeshi. Kwao sanaa ni kitu cha kutundikwa ukutani na kutazamwa kwa adabu, mikono ikiwa nyuma. Watu wakishika, wakibonyeza na kucheka, basi huo ni upuuzi. Nataka kubishana na waungwana hawa. Nikimaliza, nitawageukia wengine ambao kwa maoni yangu ni hatari zaidi yao.

Tuanze na London. Mwaka 1994 msanii Mwingereza aitwaye Heath Bunting alikusanya namba za simu za vibanda vya umma katika stesheni ya reli ya King's Cross, akazitangaza kwa njia ya intaneti, wakati ambapo watu wengi walikuwa hawajalisikia hata neno hilo. Aliwaomba walimwengu wapige namba hizo tarehe 5 Agosti. Waliotaka waache simu ilie kidogo kisha wakate. Waliotaka wazungumze na yeyote atakayepokea. Waliotaka waende stesheni wapokee wenyewe. Au wafanye jambo jingine kabisa. Hapakuwa na mashine mpya wala gharama kubwa. Kibanda ambacho kwa kawaida hutumiwa na mwenye shida na sarafu mkononi kiligeuka baraza, mgeni akaongea na mgeni. Je, ni picha ngapi za ukutani zilizowahi kufanya hivyo?

Twende Berlin. Mnamo Septemba 2001 wanachama wa Chaos Computer Club waliweka taa nyuma ya madirisha 144 ya orofa nane za juu za jengo la Haus des Lehrers, katika uwanja wa Alexanderplatz. Kila dirisha likawa nukta moja ya picha. Mpita njia aliweza kupiga simu kwa simu yake ya mkononi na kucheza Pong, ule mchezo wa zamani wa kurushiana mpira, ukutani mwa jengo zima. Watu walichora picha za kusogea kwenye kompyuta zao nyumbani, wakazituma zioneshwe. Wengine wakawaandikia wapenzi wao barua za taa, mji mzima ukizisoma. Mambo hayo yaliendelea hadi Februari 2002. Ngoma ya watoto haikeshi? Hiyo ilikesha zaidi ya miezi mitano!

Sasa niwageukie hao wengine. Hawa hawaipingi sanaa shirikishi, la hasha, wanaisifu mno. Huweka kioo cha kompyuta ukumbini, mgeni akabonyeza, rangi zikabadilika, wakatangaza kwamba mgeni naye amekuwa msanii. Uongo mtupu! Aliyebonyeza kitufe alichoelekezwa, akapata jibu lililokwisha kuandaliwa, hakushiriki. Ametii tu.

Hata kazi nzuri huweza kuangukia hapo. Mwaka huohuo wa 2001, katika tamasha la Ars Electronica mjini Linz, Austria, Golan Levin na wenzake waliandaa muziki uliopigwa kwa simu za wasikilizaji wenyewe. Watu waliandikisha namba zao, wakawekewa milio mipya, wakapangiwa viti. Kisha wasanii wachache walizipiga simu hizo kwa mpangilio, na kila simu ilipolia, mwenyewe akamulikwa taa. Nasikia uzuri wake na siubezi. Lakini nauliza: mwenye simu alifanya nini? Alikaa. Alikuwa zumari, mpigaji alikuwa mwingine.

Sisi tunaoijua ngoma hatuna haja ya kufundishwa tofauti hiyo. Manju huanza, lakini waitikiaji humvuta. Mama aliyekuja kutazama huingia uwanjani kutunza, akacheza, na ngoma ikageuka kwa sababu yake. Kwa hiyo mizani yangu ni moja: mchezaji akifanya jambo ambalo mwenye mchezo hakulitazamia, je, mchezo unakua au unavunjika? King's Cross ulikua. Berlin ulikua. Kioo cha ukumbini huganda tu, kikasubiri ubonyeze inavyotakiwa.

Usidhani, ndugu msomaji, kwamba ninagombania neno tu. Chombo kilichomo mfukoni mwako leo kimetengenezwa na makampuni yanayokuuliza mchana kutwa: ubonyeze hapa au pale? Yameshachagua maswali, yameshachagua na majibu, na hicho nacho wanakiita kushiriki. Msanii anayekuja na kitufe kilekile na kukipa jina la sanaa anawasaidia kazi wakubwa hao. Anatuzoeza kuridhika na kidogo.

Tuucheze basi mchezo, na tuucheze sana. Ila tukialikwa uwanjani, kwanza tutazame kama tumepewa ngoma tuipige, au tumewambwa sisi wenyewe tupigwe.