Tonge la Haraka

Katika Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, pamba ndiyo zao kuu la biashara, na wakati wa mavuno watu wa Bariadi hurudi shambani jioni na njaa kali. Ugali ukipakuliwa kwa mlenda au dagaa wa Ziwa Viktoria, sinia halikai.

Nilikaribishwa katika nyumba moja wakati huo. Sisi wanaume tulikula barazani, na watoto watano wakala uani katika sinia lao moja. Sijafika tonge la tano, sinia la watoto lilikuwa jeupe. Kaka mkubwa anapiga mbweu, tumbo limemjaa. Mdogo wao, wa miaka kama minne, bado analitafuna tonge lake la pili huku akilitazama sinia. Mama akasema, “Huyu mwanangu mzito wa kula.”

Nami nasema hakuwa mzito. Alikuwa akila kama mwili utakavyo.

Meno yamewekwa kinywani kwa sababu tumboni hamna mengine. Mate nayo si maji matupu: ndani yake mna kimeng’enya kinachoanza kuuvunja wanga wa ugali tangu kinywani. Tonge lililomezwa zima hulipita darasa hilo la kwanza, na hushuka pamoja na hewa. Ndiyo asili ya mbweu nyingi, na pengine mtu hupaliwa. Matobolwa, yale mapande ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, ni walimu bora kuliko sisi, kwani hayamezeki bila kutafunwa!

Tena shibe ina tarishi wake. Tumbo likitanuka, mishipa ya fahamu huupasha ubongo habari. Chakula kikifika utumboni, homoni za shibe huingia katika damu. Safari hiyo hukadiriwa kuchukua kiasi cha dakika 20. Mwenye kumaliza kwa dakika 5 basi amekwisha kupita kiasi kabla tarishi hajabisha hodi. Mwaka 2010 wataalamu wa Ugiriki walitangaza habari za wanaume 17 waliopewa aiskrimu ya kipimo kimoja, mililita 300, mara waile kwa dakika 5, mara kwa dakika 30. Walipokula polepole, homoni mbili za shibe zilionekana nyingi zaidi katika damu yao. Ni watu wachache, na aiskrimu si ugali. Lakini tumbo ni lile lile.

Basi tazameni ya sinia lile: mkubwa alikula kupita haja yake asijue, na mdogo akakosa haki yake. Mtume wetu (s.a.w.) alipomwona Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwake, mkono ukizunguka sahanini, alimfunza kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yake. Na Ibn Umar amepokea katazo la kutwaa tende mbili pamoja bila ya idhini ya wenzio. Wengi wetu huyahesabu haya kuwa ni adabu ya mbele ya wageni tu. Lakini mwenye kula mbele yake, moja moja, hawezi kwenda mbio, wala hali fungu la mwenziwe.

Sisemi sinia livunjwe. Kula pamoja kuna baraka yake. Mtoto mdogo lakini yafaa apakuliwe chombo chake, akae na wenzake, na mkubwa mmoja awe karibu amhimize kwa upole bila kumlazimisha.

Hayo nilimwambia mama yule kwa adabu ya mgeni. Nilipopita tena nilimkuta mdogo ana bakuli lake la bati, anatafuna taratibu. Kaka yake amekwisha kumaliza, amekaa kando yake, anangoja kuona kama atabakisha.